Nilisikia la mkuu, na guu likavunjika

Najua nimepotea. Mara ya mwisho nilikuwa nikilalamika kuhusu watu wanaopanga safu 90 kwenye jedwali moja la hifadhidata, na nikaahidi sehemu ya pili. Itakuja. Leo nina hasira ya jambo jingine, na kwa kuwa jambo lenyewe linahusu programu, algoriti na mguu wangu wa kushoto, nadhani lina haki ya kukaa hapa.

Kwa kifupi: mwezi wa Septemba 2025 mfupa wa muundi wangu wa kushoto ulipata ufa nikijitayarisha kwa mbio za kilomita 42 za Nairobi, zile za mwisho wa Oktoba. Sikuanguka. Sikugongwa na boda boda. Sikutumbukia kwenye mtaro usio na kifuniko, ingawa mtaani kwetu hilo lingeeleweka. Nilichofanya ni kufuata mpango wa mazoezi uliotolewa na programu ya simu, na niliufuata kwa utiifu ambao mama yangu mzazi hajawahi kuupata kutoka kwangu.

Nilipofika kazini na magongo, mwenzangu mmoja aliangua kicheko akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" Ofisi nzima ikacheka. Nikamwambia, kaka, shida ni kwamba mimi nilisikia. Mkuu mwenyewe nilikuwa nimemfunga mkononi, ananitetemesha kila asubuhi saa kumi na moja na nusu, na kila alichosema nilitenda.

Basi leo namshtaki huyo mkuu. Na kwa kuwa ameandikwa na watu kama mimi, waliokaa miaka minne chuoni wakisoma miundo ya data na algoriti, itabidi nijishtaki na mimi kabla sijamaliza.

Kwanza tumalizane na uongo mmoja. Nikiwa kwenye simu ya video na wateja wa ng'ambo, nikataja kwamba nakimbia, huitikia kana kwamba samaki amewaambia anaogelea. Mkenya, si ndiyo? Na hata sisi wenyewe tumeamini. Kwenye kikundi chetu cha Jumamosi kule Karura, ukisema mguu unauma kuna mtu atakukumbusha habari za Kipchoge. Sawa, tumzungumzie Kipchoge. Mtu huyo aliyemaliza kilomita 42 kwa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019 alijitoa kwenye mbio za Olimpiki za Paris mwaka 2024 baada ya kilomita 30 hivi, kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma. Alitembea, akasimama, akatoka. David Rudisha aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 London mwaka 2012, 1:40.91, na mwaka uliofuata goti likamfungia nje ya mashindano ya dunia ya Moscow. Dhahabu ya dunia aliirudia Beijing mwaka 2015, na ya Olimpiki Rio mwaka 2016. Hao ndio wenye kipaji, makocha na watu wa kuwakanda misuli. Sisi tunaokaa kwenye kiti saa kumi kwa siku na kula chapati na maharagwe saa nne za usiku mbele ya skrini, mifupa ya chuma tumeitoa wapi?

Tena ukienda Iten au Kaptagat utakuta kitu ambacho programu yangu haikuwa nacho: kocha anayekutazama ukitembea. Anakuona unavyoshuka kutoka kwenye gari. Anajua kama jana usiku ulilala au mtoto alikuwa mgonjwa. Mkimbiaji wa kule akitoka mazoezini analala mchana. Mimi nikitoka naingia kwenye msongamano wa Waiyaki Way, halafu kwenye mkutano.

Mpango wangu ulikuwa wa wiki 16 na ulianza Jumatatu, Julai 7. Niliipa programu umri wangu, yaani miaka 28, uzito, muda niliotaka kumalizia, saa nne kamili, na idadi ya siku nilizokuwa tayari kukimbia kwa wiki. Haikuniuliza nalala saa ngapi. Haikuniuliza kama nimewahi kuumia. Haikuniuliza kama nakimbilia kwenye udongo wa Karura au kwenye lami ya Ngong Road. Ilifikiri sekunde mbili ikanipa ratiba yenye rangi nzuri. Na mimi, ambaye najua vizuri kabisa kwamba zile sekunde mbili mara nyingi ni mchoro wa kuzunguka tu uliowekwa ili mtumiaji adhani kuna kazi kubwa inafanyika, nikaiamini.

Juu ya ratiba kulikuwa na msururu. Mnaotumia programu za kujifunza lugha mnaujua: kila siku ukifanya kitu nambari inaongezeka moja, ukikosa siku moja inarudi sufuri. Kwa programu yangu zilitosha dakika 10 za zoezi lolote, hata kutembea. Kando ya nambari kulikuwa na moto mdogo unaowaka. Wiki ya kwanza nilicheka. Kufikia wiki ya tano nilikuwa nawaambia watu nambari yangu bila kuulizwa.

Maumivu yalianza wiki ya nane. Ilikuwa sehemu ndogo upande wa ndani wa muundi, kama shubiri moja juu ya kifundo, upana wa sarafu ya shilingi ishirini. Mwanzoni ilikuwa inauma nikianza kukimbia na kupotea baada ya kilomita mbili. Halafu ikawa haipotei. Halafu ikaanza kuuma nikishuka ngazi. Mtu yeyote wa kazi yetu angeutambua mwenendo huo: hitilafu inayotokea mara moja moja, kisha mara kwa mara, kisha kila wakati. Kazini ningefungua tiketi siku ya kwanza. Kwa mguu wangu nilinunua mafuta ya kuchua.

Kikundini ushauri haukukosekana. Kuna aliyesema barafu, kuna aliyesema viatu, kuna aliyesema nimeze tembe mbili za kutuliza maumivu kabla ya mbio ndefu na nitasahau. (Msifanye hivyo. Maumivu ni ujumbe wa hitilafu, na mnajua tunavyomwita mtu anayeficha ujumbe wa hitilafu badala ya kuusoma.) Mzee mmoja mwenye medali nyingi akanipiga begani: "Mchumia juani hulia kivulini, kijana." Nakuheshimu mzee wangu, lakini hata wewe huendi shambani na jembe lililopasuka mpini.

Jumapili ya Septemba 14 nilikimbia kilomita 24. Ikumbukeni nambari hiyo, tutairudia. Jumanne, siku ya 72 ya msururu, nilitoka kukimbia kilomita 8, na kwenye kilomita ya tano nikahisi kama mtu amepigilia msumari ndani ya mfupa. Nilichechemea hadi steji nikapanda matatu nikiwa na kaptura na jasho. Kondakta akaniuliza kama nimeibiwa.

Sasa nafika kwenye aibu yenyewe. Jumatano usiku nilikuwa kitandani, mguu juu ya mto. Saa tano na dakika 35 simu ikatetemeka: msururu wako utakufa baada ya dakika 25. Niliamka. Nikawasha saa ya mkononi. Nikatembea kutoka kochi hadi jikoni na kurudi, kochi hadi jikoni na kurudi, mkono ukutani, meno nimeyauma, dakika 10 kamili. Saa ikapiga tarumbeta yake ndogo. Siku ya 73.

Nina shahada ya sayansi ya kompyuta. Najua msururu unavyoandikwa. Ni safu mbili kwenye jedwali, tarehe ya mwisho na hesabu, na kazi moja ya usiku inayopita ikiwarudisha wazembe kwenye sufuri. Safu mbili kwenye jedwali zilinitoa kitandani na mfupa uliopasuka.

Alhamisi sikuweza kukanyaga chini. Nilikwenda hospitali, eksirei ikawa safi, daktari akasema ni misuli, pumzika siku kumi. Siwezi kumlaumu kwa picha, kwa sababu ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki mbili tatu za kwanza. Ninachomlaumu ni kwamba hilo hakuniambia. Jioni hiyo programu ikanitumia picha ya moto uliozimika, na chini yake kitufe: kwa shilingi 130 ningeweza kuufufua msururu wangu. Niliangalia kitufe hicho kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri.

Baada ya siku kumi nilijaribu kilomita mbili nikarudi nyumbani nikirukaruka kwa mguu mmoja. Ndipo nikaenda kwa mtaalamu wa viungo, mama mmoja mpole ambaye hakutaka hata kuona picha kwanza. Alibonyeza mfupa kwa kidole gumba, nikaruka kitandani. Akasema, "Simamia mguu huo urukeruke mara tatu, mwanangu." Sikufika ya pili. Akanituma MRI, iliyonigharimu karibu kodi yangu ya nyumba ya mwezi, na ufa ukaonekana, mwembamba kama unywele. Wiki sita hadi nane bila kukimbia. Mbio za Oktoba zikaishia hapo, kwenye kiti cha plastiki, na ada ya usajili nimeshalipa.

Nilimuuliza mama yule inakuwaje mfupa uvunjike bila kugongwa, na jibu lake ndilo lililonifanya nianze kuandika makala hii. Kumbe mfupa si nguzo ya zege. Ni kitu hai kinachobomolewa na kujengwa upya kila siku. Ukiuongezea mzigo, seli za kubomoa ndizo hutangulia, huchimba sehemu iliyochakaa kwa wiki chache. Seli za kujenga hufuata nyuma, na kazi yao huchukua miezi. Maana yake ni kwamba kuna kipindi, wiki kadhaa baada ya kuongeza mazoezi, ambapo mfupa unaweza kuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza. Na wakati huo huo moyo na mapafu vimeshazoea, vinakuambia twende. Watu wa seva watanielewa: umezima mashine za zamani, mpya bado zinasakinishwa, na siku hiyo hiyo watu wa mauzo wametangaza ofa.

Saa yangu inapima moyo, na inaupima vizuri. Kwa hiyo ilichokuwa inakiona ni kile kiungo kilichokuwa na furaha. Mfupa haina njia ya kuuona. Njia pekee ya kujua habari za mfupa ni kumuuliza mwenye mfupa, na swali hilo, katika siku 73, sikuulizwa hata mara moja. Niliulizwa kama nataka kualika marafiki. Niliulizwa kama nataka kulipia toleo la dhahabu. "Unaumwa wapi?" halikuwepo.

Magongo yana faida moja, unakaa. Nikapakua rekodi zangu zote za GPX nikaandika kijiprogramu cha Python cha kuzisoma, jinsi ninavyofanya seva ikianguka usiku: usilaumu mtu, soma kumbukumbu kwanza. Na nilichokuta ni hiki. Wiki ya tisa nilikimbia 9, 8, 9, 9 na Jumapili 17. Jumla kilomita 52. Wiki ya kumi nilikimbia 8, 8, 8, 8 na Jumapili 24. Jumla 56. Kwa jicho la programu niliongeza kilomita 4 juu ya 52, yaani asilimia 7.7, chini ya ile asilimia 10 maarufu. Grafu ilikuwa ya kijani. Iko bado ya kijani hadi leo, nimeihifadhi.

Lakini ratiba ya awali ya Jumapili hiyo ilisema kilomita 18. Zile sita nyingine zilitoka wapi? Zilitoka Jumatano. Jumatano hiyo tulikuwa tunatoa toleo jipya kazini, mambo yakaharibika kama kawaida, nikatoka ofisini saa saba za usiku. Mbio sikukimbia, nilizunguka maegesho ya magari dakika 10 kuokoa msururu. Programu ikaona deni la kilomita 6, ikalihamishia Jumapili ili jumla ya wiki itimie. Hakuna binadamu aliyeketi akaamua kwamba kijana huyu, ambaye hajalala, apewe kilomita 24. Ni kitanzi tu kilichozunguka siku zilizobaki kikatafuta nafasi. Nimeandika vitanzi kama hivyo mara mia. Kwa ankara vinafanya kazi vizuri sana.

Kutoka 17 hadi 24 ni ongezeko la asilimia 41 kwa mbio moja. Na hapa ndipo nilipokasirika hasa, kwa sababu jambo hilo limeshapimwa. Mwaka 2025 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia wakimbiaji 5,205 wenye saa za Garmin kwa miezi 18. Kukimbia mara moja umbali unaozidi mbio yako ndefu zaidi ya siku 30 zilizopita kwa asilimia 10 hadi 30 kuliambatana na hatari kubwa zaidi ya kuumia kwa asilimia 64. Kundi langu, la kati ya asilimia 30 na 100, ni 52. Waliozidisha zaidi ya mara mbili, 128. Na ongezeko la wiki kwa wiki, lile ambalo kila programu inalichora kwa grafu za kupendeza? Halikuonyesha uhusiano na kuumia.

Najua mtaniambia uhusiano si sababu, na kwamba wengi wa waliofuatiliwa walikuwa wanaume. Kweli kabisa. Na mimi mwenyewe mguu ulikuwa umeanza kuuma wiki mbili kabla ya kilomita 24, kwa hiyo siwezi kuzibebesha lawama zote. Lakini angalieni: data hizo zilitoka kwenye saa zenyewe. Tunavaa kifaa kinachojua mbio yetu ndefu zaidi ya siku 30, kinachojua ya leo, na kazi ya kulinganisha nambari mbili hakijapewa.

Ile asilimia 10 nayo ilishajaribiwa zamani. Mwaka 2008 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya wakimbiaji wapya 532 waliogawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipewa mpango wa wiki 13 uliopandishwa polepole kwa kanuni ya asilimia 10, nusu mpango wa kawaida wa wiki 8. Walioumia upande mmoja ni asilimia 20.8, upande wa pili 20.3. Hakuna tofauti. Hiyo ni miaka 17 kabla ya mguu wangu, na kanuni bado imekaa ndani ya programu kama sheria ya Musa.

Na haiko peke yake. Saa yangu hupanga viwango vya mapigo ya moyo kwa kutoa umri kutoka 220. Hesabu hiyo huhusishwa na makala ya Fox na wenzake ya mwaka 1971. Mwaka 2002 Robergs na Landwehr waliifuatilia hadi chimbuko lake na hawakukuta utafiti ulioizaa, ni mstari uliochorwa kwa kukadiria juu ya data zilizokusanywa kwingine. Hatua 10,000 kwa siku, ambazo rununu ya shangazi yangu humgombeza nazo kila jioni, zilienezwa na kifaa cha Kijapani kilichoanza kuuzwa mwaka 1965 kwa jina la Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina la bidhaa! Mtu wa matangazo alichagua nambari nzuri ya mviringo, na miaka 60 baadaye tunaiandika kwenye msimbo kama isiyobadilika, kwa herufi kubwa, bila hata maoni ya kueleza ilikotoka. Ningekuwa nakagua msimbo huo ningeurudisha.

Haya, sasa zamu yangu.

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kwenye kampuni ndogo iliyotengeneza programu ya kuweka akiba. Meneja wetu alirudi kutoka kwenye kongamano akiwa na neno moja mdomoni: msururu. Mimi ndiye niliyeuandika. Ulinichukua siku mbili, na siku ya tatu nikaongeza arifa ya saa tatu za usiku. Tukajaribu maneno mawili tofauti kwa makundi mawili ya watumiaji: "Endelea na msururu wako" na "Usipoteze msururu wako". La pili lilishinda kwa mbali. Watu wanaogopa kupoteza kuliko wanavyotamani kupata, jambo ambalo tulilijua, na ndiyo maana tulilijaribu. Nilipongezwa kwenye mkutano wa Ijumaa.

Miezi michache baadaye dada wa huduma kwa wateja alitusomea ujumbe wa mama mmoja mwenye kibanda cha mboga. Alikuwa na msururu wa siku zaidi ya mia moja. Biashara ilipokwama alikopa kwenye simu, mkopo wenye riba, ili aweke shilingi 50 kila siku nambari isirudi sufuri. Aliandika kuuliza kama tunaweza kumsimamishia msururu wiki moja hadi alipe. Yaani alikopa ili aweke akiba. Tulicheka. Si kwa ubaya, mnajua jinsi ofisi inavyocheka, lakini tulicheka, na kipengele cha kusimamisha hatukukiandika kwa sababu kingeshusha takwimu za watumiaji wa kila siku.

Nilimkumbuka mama huyo usiku ule nikitembea kati ya kochi na jikoni. Si baadaye, usiku ule ule, nikiwa na mkono ukutani. Na bado nilimaliza dakika zangu 10.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Wewe ni mtu mzima, hakuna aliyekulazimisha," namjibu kwamba hoja hiyo naijua, ndiyo tuliyoitumia sisi. Ukijaribu maneno mawili ukachagua linalomfanya mtu ashindwe kuacha, huwezi tena kusema alikuwa huru kuacha. Wengine watasema programu hizi zimewatoa maelfu ya watu kwenye viti. Nakubali, mimi nikiwa mmoja wao. Nisingekimbia hata kilomita 5 bila ile saa. Lakini faida ya siku ya kwanza hailipii madhara ya siku ya 73. Na kuna wale wanaosema suluhisho ni akili bandia zaidi, mpango unaojirekebisha wenyewe. Ndugu zangu, mpango wangu ulijirekebisha wenyewe. Ndivyo nilivyopata kilomita 24.

Ninachotaka ni kidogo na hakihitaji utafiti mpya. Mtu akikosa mbio, mbio hiyo imekufa, isihamishwe popote. Siku ya kupumzika iliyo kwenye ratiba ihesabiwe kama siku iliyofanyika, msururu uendelee mtu akiwa amelala. Kila baada ya mbio kuwe na swali la maumivu, na jibu likiwa baya siku tatu mfululizo ratiba ijifunge yenyewe imtume mtu hospitali, hata kama mkuu wa bidhaa atalia. Na kabla ya mbio yoyote, ilinganishwe na mbio ndefu zaidi ya siku 30. Hilo la mwisho nimeliandika mwenyewe nikiwa kwenye kochi. Mistari 11, pamoja na miwili ya kusoma faili. Lilipopita juu ya rekodi zangu lilitia alama nyekundu mahali pawili tu, na pa pili palikuwa Septemba 14.

Niliiandikia kampuni ya programu barua ndefu yenye adabu, nikaambatisha grafu na mistari hiyo 11. Walinijibu baada ya wiki mbili wakinishukuru kwa kuwa sehemu ya familia yao na kunipa mwezi mmoja wa toleo la dhahabu bila malipo.

Siku ya mbio nilikaa kando ya barabara na magongo yangu nikiwapa wenzangu maji. Mzee wa medali alipita kwenye kilomita ya 35 akichechemea vibaya, amekunja uso, saa inamlilia mkononi. Nilimwita asimame. Alinipungia mkono akaendelea.

Wiki iliyopita mama wa viungo aliniruhusu kuanza: kukimbia dakika moja, kutembea nne, mara sita, siku moja baina ya siku, na asubuhi inayofuata nibonyeze mfupa kwa kidole nimwambie nilichohisi. Mpango mzima ameuandika kwa kalamu nyuma ya bahasha ya MRI. Kikundini tayari kuna mtu ametuma fomu ya Lewa ya Juni, na nimemjibu kwamba nitamwambia Aprili.

Anayetaka kijiprogramu aniandikie hapo chini nitamtumia. Kinahitaji Python 3 na faili zako za GPX. Hakina beji, na kikimaliza kazi kinajifunga. Sehemu ya pili ya hifadhidata ni wiki ijayo, safari hii kweli.